Kabla Hujalipia Gari Jipya la Kispoti Kampala

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye biashara yake ya vifaa vya ujenzi imemnyookea, alinijia nyumbani Ntinda akiwa na picha ya Toyota GR Yaris mpya kwenye simu yake. "Mjomba," aliniambia, "bei inapanda kila mwaka. Nikichelewa sitaliweza tena." Nilimwomba siku mbili nipige hesabu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kununua gari la kispoti kwa kusikiliza moyo, na mfuko ukalilipia kwa miaka minne.

Kuhusu bei, kijana hakukosea. Gari hilo lilipoingia sokoni Japani mwaka 2020, toleo la RZ liliuzwa yeni 3,960,000, na lilipofanyiwa maboresho mwaka 2024 likafika yeni 4,480,000. Nissan GT-R imepanda kwa kutisha zaidi, kwani ilianza mwaka 2007 kwa yeni 7,770,000, na hadi uzalishaji wake ulipokoma mwaka 2025 toleo lake la bei nafuu kabisa lilikuwa limepita yeni 14,000,000. Tatizo letu Waganda ni kwamba kila nyongeza ya huko huzaa nyongeza nyingine hapa. Chukua shilingi 100 za thamani ya gari pamoja na usafiri: ushuru wa forodha wa asilimia 25 unazifanya 125, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya hizo 125 na kuzifikisha 147.5, hata kabla ya kugusa kodi ya zuio na ada za usajili. Kwa hiyo yeni 520,000 zilizoongezeka Japani zinakuwa yeni 767,000 gari linapofika Kampala.

Nilimuuliza mpwa wangu fedha hizo zinanunua nini. Alijibu haraka kwamba nguvu zimetoka farasi 272 hadi 304, na ni kweli. Lakini barabara bora tuliyo nayo ya kuzionyesha ni ile ya kasi ya Entebbe, ambako unalipa tozo na kuruhusiwa kilomita 100 kwa saa, spidi ambayo gari la namna hiyo huifikia kwa sekunde tano hivi. Baada ya sekunde ya tano, farasi wote waliosalia wanakula tu, hawafanyi kazi.

Sehemu nyingine ya bei, ambayo wauzaji hawaitangazi sana, ni vifaa vya usalama na vya kupunguza moshi na kelele ambavyo sheria za Ulaya na Japani zinavidai. Vina faida yake, wala sivibezi. Hata hivyo, rafiki yangu mmoja aliniachia gari lake jipya kwa siku moja, na nilichojifunza ni kwamba kamera ya kulishikilia gari ndani ya mstari inahitaji mstari wenyewe uwepo, na rangi ya barabara zetu nyingi ilikwisha kufutika. Ile breki ya kujifunga yenyewe nayo ilishtuka kila bodaboda ilipokatiza mbele yangu, na katika foleni ya Wandegeya hilo ni jambo la kila dakika. Nilipofika Bwaise nilikuwa nimekwisha kuizima.

Gari langu mwenyewe lilikuwa Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2008, niliyoiagiza Japani mwaka 2019. Nilidhani kwamba kwa kuwa ni kuukuu, gharama zilikuwa nyuma yangu. Matuta ndiyo yaliyonifundisha kwanza: bampa la mbele lilipasuka mwezi wa pili, na shimo moja lililojaa maji ya mvua likapinda rimu mbili kwa mpigo. Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa la kwangu. Injini ile imepangwa kwa petroli ya oktani 100 (kipimo cha petroli kustahimili kutolipuka kabla ya wakati) inayouzwa Japani, nami nikawa naijaza petroli ya kawaida ili nibane matumizi, nikipuuza mlio mdogo wa kugonga niliousikia kila nilipopanda kilima cha Naguru. Fundi wangu wa Kisekka, soko la vipuri la hapa Kampala, alipoifungua, akanionyesha pistoni iliyopasuka. Nilichookoa kwenye petroli kwa mwaka mzima hakikutosha hata gharama ya kuifungua injini.

Pamoja na hayo yote, singemshauri anunue jipya. STI yangu ilipoharibika, vipuri vilipatikana Kisekka ndani ya juma moja, na mafundi waliijua injini ile kama wanavyoijua njia ya kwao, kwa kuwa wamezihudumia nyingi za mashindano ya mbio za magari. Injini ya GR Yaris yenye silinda tatu sijaiona hata mara moja katika vibanda vyao. Dhamana ya kiwanda nayo, mara nyingi, haikufuati unapoagiza gari mwenyewe. Jipya ningelikubali kwa mtu anayeingia mashindanoni kweli na mwenye fundi wake, au kwa yule ambaye fedha hizo zikipotea hatazikumbuka. Mpwa wangu si mmoja wao, na nilimwambia hivyo.

Tulikubaliana atafute gari la miaka mitano hadi minane, ambalo mmiliki wa kwanza amekwisha kubeba hasara ya upya wake, na lililo mbali na ukomo wa miaka 15 ambao sheria yetu inauweka kwa magari yanayoingizwa nchini. Asichukue lisilo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), kama Toyota GR86, akitarajia nguvu zilizoandikwa, maana Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huipunguzia injini kama hiyo yapata sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari, aisome mwenyewe, na akiona herufi R ajue kwamba gari lilipata ajali likatengenezwa. Mgandamizo wa kila silinda upimwe kabla ya malipo ya mwisho. Na robo ya bajeti yake abaki nayo kwa ajili ya tairi, shokomzoba na petroli nzuri.

Juzi alinitumia karatasi ya WRX STI ya mwaka 2017. Nimemjibu kwamba kwanza nataka picha za chini ya gari.