Jiko la mkaa chumbani na kitovu cha kichanga

Hongera dada kwa kujifungua salama. Umeuliza kama jiko la mkaa lilale chumbani kwa baridi hii ya Dodoma, na kitovu ambacho hakijadondoka siku ya sita kipakwe nini.

Jiko litoke, hata mama mkwe akinuna. Mkaa ukiwaka chumba kimefungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mnaweza kulala msiamke. Ziba upepo wa dirishani, na ukiwa macho mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, khanga na blanketi juu yenu. Mguse nyayo: zikiwa baridi, ongeza nguo.

Kitovu usikipake majivu wala mafuta, isipokuwa dawa uliyopewa kituoni. Kunja nepi chini yake kipate hewa, maana kikiloa mkojo huchelewa kukauka. Siku sita bado ni kawaida. Ukiona wekundu pembeni, usaha au harufu mbaya, au mtoto akikataa kunyonya, wahi kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Maji hapana, hata kijiko. Uji wa uwele unywe wewe.