Changizo la siku moja halimlishi mmisionari: namna usharika unavyoweza kusaidia misheni na wahitaji

Bwana asifiwe, mpendwa. Umeuliza usharika wenye watu wazima kama 120 ufanye nini ili usaidie mmisionari mmoja na wahitaji walio karibu, maana kila mkichanga mnapata fedha nzuri siku hiyo, halafu baada ya miezi mitatu mfuko umekauka na mliyemwahidi bado anasubiri. Nianzie hapo hapo.

Changizo la papo kwa papo linafaa kwa jambo lenye mwisho: kununua pikipiki ya mwinjilisti, kuezeka darasa, kulipa deni la matibabu. Halifai kwa jambo linalokula kila mwezi. Mwenye nyumba anayempangisha mmisionari hangoji mpaka kwaya yenu iimbe vizuri na watu waguswe. Mnachohitaji ni ahadi ndogo za watu wengi, zinazokusanywa kwa utaratibu usiotegemea hisia za Jumapili fulani. Paulo aliwaandikia Wakorintho hivyo hivyo (1 Kor 16:2): kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, ili michango isianze kukusanywa atakapofika.

Mpango bora niujuao wa jambo hili ni wa Pauline Jaricot wa Lyon, Ufaransa. Alianza na wafanyakazi wa kiwanda cha hariri, watu wasio na kitu. Kila mmoja alitoa senti moja kwa wiki, na kila kumi walikuwa na kiongozi wao. Viongozi kumi walikabidhi kwa kiongozi wa mia, na wa mia kwa kiongozi wa elfu. Mwaka 1822 mpango huo ukazaa Shirika la Uenezaji wa Imani, lililobeba misheni za Kikatoliki katika mabara mengi. Nguvu yake haikuwa ukubwa wa sadaka. Ilikuwa kwamba hakuna mtu aliyefuatilia zaidi ya watu kumi.

Kwenu hayo ni makundi 12. Kama tayari mna jumuiya za nyumbani, tumieni hizo hizo, msiunde vikundi vipya juu ya vikundi. Kiongozi wa kumi awe na orodha yenye majina na miezi, basi. Hapa wengi hukosea kwa kumgeuza kuwa mdai. Akiona mtu amekosa miezi miwili, aende kumjulia hali bila kugusa habari ya fedha. Mara nyingi atakuta nyumba hiyo yenyewe ndiyo imeingia kwenye shida, na jina linapaswa kuhama kutoka orodha ya watoaji kwenda orodha ya wanaosaidiwa.

Kadi ya ahadi iwe na mambo manne: jina, kiasi, kila baada ya muda gani, na tarehe ya mwisho. Ahadi isiyo na mwisho watu huiogopa, au huitoa na kuisahau. Miezi 12 inatosha, kisha mnaiomba upya. Msisome viwango mimbarani. Anayesomewa kiasi kikubwa huahidi kwa ajili ya macho ya watu, na mwenye kidogo hujificha. Mkishajumlisha kadi, mwaka wa kwanza pangeni matumizi kwa asilimia 75 tu ya jumla hiyo, kwa sababu kuna watakaohama, watakaougua na watakaopoteza kazi. Halafu kusanyeni miezi mitatu kabla ya kutuma chochote. Kutakuwa na manung'uniko kwamba fedha zimelala. Vumilieni, maana akiba hiyo ndiyo itakayomfikia mmisionari mwezi ambao nusu ya usharika umesafiri.

Sasa mikono inayogusa fedha. 2 Kor 8:20-21 inaeleza kwa nini Paulo hakubeba mchango wa Yerusalemu peke yake: hakutaka mtu apate la kumlaumu. Wahesabuji wawe watatu, wasiwe wa ukoo mmoja, na wahesabu kabla ya kutoka kwenye jengo. Waandike noti ngapi za kiwango gani na sarafu ngapi, wote watie sahihi, na fedha ziende benki siku ya kazi inayofuata zikiwa nzima. Ukitoa nauli ya mgeni kutoka kwenye kapu kabla ya kuweka benki, hesabu imeshaharibika hata kama nia ilikuwa njema. Mhazini asiwe mhesabuji, na malipo yatoke kwa sahihi mbili. Mchungaji asiwe mmoja wa watia sahihi. Si kwamba haaminiki. Siku maneno yakizuka, awe mtu anayeweza kusimama katikati.

Mfuko wa misheni uwe na akaunti yake, au angalau safu yake kwenye daftari. Ugonjwa unaoua mifuko hii una jina zuri: "tukope kidogo, tutarudisha." Paa linavuja, kipaza sauti kimekufa, mnachota kwenye misheni kwa sababu ndiko kulikojaa. Mkopo huo haurudi. Andikeni kwenye kumbukumbu za halmashauri kwamba fedha iliyotolewa kwa kusudi maalumu haibadilishwi kusudi bila kuwarudia waliotoa. Na kila mnapochangia jambo maalumu, semeni siku hiyo hiyo ziada itakwenda wapi. Mkichangia upasuaji na hospitali ikapunguza bili, swali la kilichobaki limewahi kuvunja sharika zilizovumilia mengi. Kila mwezi bandikeni karatasi moja ukutani: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Kuhusu nani wa kumsaidia, shauri langu ni mchague mmoja, wakizidi sana wawili. Najua inapendeza kuwa na ramani ukutani yenye pini kumi, lakini heri mbebe theluthi moja ya mahitaji ya mtu mmoja kuliko vipande kumi visivyofika popote. Mwenye wafadhili 40 wadogo huandika barua 40, na likizo yake huisha akizunguka kushukuru. Mwenye wanne hupumzika, nanyi mnamjua hata majina ya watoto wake.

Kabla ya kuahidi, mwombeni bajeti nzima. Wengi huuliza "posho yako ni kiasi gani?" na kusahau yaliyobaki: bima ya afya, kodi ya nyumba, ada za watoto, masomo ya lugha, kibali cha kuishi na kufanya kazi, usafiri wa kazi, nauli ya dharura ya kurudi, na akiba ya uzee. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote, kisha mzee anarudi baada ya miaka 30 hana kwao. Ulizeni pia wengine wanaotoa ni nani na kiasi gani. Si kumchunguza. Kuna kazi zinazofadhiliwa mara mbili bila mtu kujua huku za jirani zikifa njaa.

Mkikubaliana, andikeni ukurasa mmoja: kiasi, tarehe ya kutuma, njia ya kutuma, taarifa itatoka kila baada ya miezi mingapi, na notisi ya kusitisha (miezi sita ni ya kiungwana). Kama anatumwa na shirika, fedha zipitie huko ili ziingie kwenye hesabu zinazokaguliwa, zisiende mfukoni mwake. Akiwa nchi nyingine, linganisheni makato ya kutuma kila mwezi na ya kutuma mara moja kwa robo mwaka. Tofauti huwa kubwa kuliko mnavyodhani. Andikeni pia ahadi iko katika fedha ya nchi gani, kwa sababu thamani ikishuka lazima ijulikane nani anabeba hasara.

Kama mnachosaidia ni kanisa changa na si mtu, angalieni kitu kingine. Katika karne ya 19 Henry Venn wa Church Missionary Society (shirika la misheni la Kianglikana la Uingereza) na Rufus Anderson wa bodi ya misheni ya Kimarekani walifundisha, kila mmoja kwa upande wake, kwamba lengo la misheni ni kanisa linalojitawala, linalojitegemea na linalojieneza. Mkimlipa mchungaji wa kanisa changa mshahara wote bila kikomo, mnawazuia waumini wake kujifunza kumtunza. Wekeni ngazi tangu siku ya kwanza: mwaka wa kwanza asilimia 100, wa pili 75, wa tatu 50, wa nne 25. Ngazi ikitangazwa mwanzoni ni mpango. Ikitangazwa mwaka wa tatu ni kutelekezwa.

Wahitaji sasa. Someni Matendo 6 kwa jicho la mhazini: chakula kilikuwepo, upendo ulikuwepo, ila orodha ilikuwa mbovu na wajane wa upande mmoja wakasahauliwa. Dawa ilikuwa kuchagua watu saba wenye sifa njema. Nanyi chagueni wachache wanaojua kunyamaza. Kila ombi litembelewe na watu wawili, mmoja wao mwanamke, na wajaze karatasi fupi: nyumba ina watu wangapi, kipato kinatoka wapi, tatizo ni la muda au la kudumu, ndugu wanafanya nini, na mhitaji mwenyewe anadhani nini kitamsaidia. Swali la mwisho watu hulipita, nalo huokoa fedha nyingi. Mtu mnayetaka kumnunulia cherehani huenda anahitaji mtu wa kumwangalizia mtoto saa nne kwa siku arudi kazini.

Tenganisheni msaada wa dharura na wa kuinua. Moto, mafuriko, msiba: toeni haraka, ndani ya siku mbili, maswali machache, na mwisho uwe wiki kadhaa. Ada au mtaji: toeni polepole, kwa awamu, na mlipe moja kwa moja shuleni au kwa muuzaji pale inapowezekana. Mkichanganya viwili hivi, aliyeunguliwa nyumba atasubiri kikao, na anayetaka mtaji atapewa kwa huruma.

Msimwite mhitaji mbele apokee bahasha, wala msimpige picha akipokea. Na msaada usiwe ujira wa kuhudhuria ibada. Anayekuja kwa ajili ya unga mtamkosa siku unga utakapoisha, na mtakuwa mmemfundisha kuigiza. Kwa yatima, tafuteni kwanza bibi, shangazi au mjomba wa kumlea na muisaidie nyumba hiyo, kabla ya kufikiria kituo. Yeyote anayehudumia watoto, hata mwimbaji maarufu wa kwaya, asiachwe peke yake na mtoto.

Vitu vilivyotumika vina kero zake. Sheria ni moja: orodha itoke kwa mpokeaji, si kwenye makabati yenu. Pigeni hesabu ya usafiri, ushuru na ghala kabla ya kupokea mfuko wa kwanza wa nguo, maana mara nyingi gharama hizo zingenunua vitu vipya huko huko viendako. Dawa ni hatari zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake zinapofika nchini, na maandishi yake yawe katika lugha inayoeleweka na wahudumu wa afya huko. Vidonge vilivyobaki nyumbani baada ya mtu kupona havitumwi kabisa.

Safari za vijana za wiki mbili hazikatazwi, ila kazi ipangwe na mwenyeji. Watu sita hadi wanane wanatosha. Zaidi ya hapo mwenyeji anageuka mpishi na dereva. Gharama zote za kuwakaribisha mzilipe ninyi, mkiongeza kidogo. Na kila anayekwenda aweke sahihi kwamba hatatoa fedha wala ahadi binafsi akiwa huko. Kijana mmoja akiguswa na kumwahidi mtoto mmoja ada, mwenyeji ataulizwa na wazazi wa watoto 200 miaka miwili. Mara nyingi mtu mmoja mwenye ufundi ana faida kuliko msafara: mhasibu wa kufunga hesabu za mwaka, fundi umeme wa kukagua nyaya za zahanati, au mwalimu wa kuwafundisha watoto wa mmisionari mwezi mmoja.

Maombi hayahitaji kamati. Yanahitaji habari mpya. Dakika mbili kila Jumapili, mtu mmoja asome mambo mawili kutoka kwenye barua ya karibuni, kanisa liombe, mwendelee. Barua ya miezi minane iliyopita huua maombi kuliko uvivu. Kama mmisionari yuko mahali ambapo kazi yake inaweza kumletea hatari, jina lake, mji na picha visiwekwe mtandaoni, hata kwenye kundi la simu la usharika. Makundi hayo hayana mlango.

Akirudi likizo, mwezi wa kwanza msimpe mimbari. Mtafutieni nyumba, daktari, daktari wa meno, na mtu mmoja au wawili wazima wa kumsikiliza aseme yale ambayo hakuyaandika kwenye barua. Baada ya hapo ndipo awahubirie.

Umeuliza mwishoni kama mnaweza kusitisha bila dhambi. Mnaweza. Sababu za haki ni kwamba kazi imekamilika, kanisa lile limeweza kujitegemea, taarifa zimekosekana baada ya kuombwa mara tatu kwa maandishi, au nguvu zenu zimepungua kweli. Mwambieni mapema, mtumieni yote mliyoahidi mpaka tarehe ya notisi, na barua itoke kwa halmashauri, isitoke kwa mhazini peke yake. Kama tatizo ni taarifa, kabla ya kuandika barua hiyo mtumeni mtu mmoja akamwone. Kuna waliokaa kimya kwa sababu walikuwa wagonjwa.