Ndege imepotea kwenye simu, je mwongoza ndege anaiona?

SWALI: Mjomba shikamoo. Juzi nilikua namsubiri dada anakuja na ndege toka Dar, nikawa naifuatilia kwenye apu ya simu, inakuja vizuri tu, ikapita usawa wa Kilwa, mara nashangaa haitui, inavuka Ruvuma inaenda zake Msumbiji! Alafu ikapotea kabisa. Nimekaa roho juu, kumbe dada ashatua anasubiri begi lake. Sasa wale waongoza ndege nao wanaona mambo kama haya? – Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Iyo apu haina rada. Ndege yenyewe ndo inatangaza, kama mara 2 kwa sekunde, mimi ndege fulani, nipo hapa, nina futi kadhaa, na inajua ilipo kwa GPS, mfumo wenyewe unaitwa ADS-B. Chini kuna watu wa kawaida tu wana vipokezi majumbani kwao wanasikia wanarusha kwenye intaneti. Ndege ikishuka mahali ambapo hamna kipokezi karibu haisikiki tena, na apu nyingi badala ya kunyamaza zinakisia, zinaisogeza kwa mwendo uleule na uelekeo uleule wa mwisho. Ndo maana ikavushwa Ruvuma bila pasipoti.

Mwongoza ndege yeye ana njia zaidi ya moja. Tanzania ina rada za kiraia 4, Dar, KIA (uwanja wa Kilimanjaro), Mwanza na Songwe. Lakini na rada nayo ina mwisho wake, mawimbi yanaenda moja kwa moja wakati dunia inapinda, kwa iyo ndege iliyo futi 20,000 rada inaishika mpaka kama kilomita 320 ivi, na toka Dar mpaka Mtwara kwa anga ni karibu 400. Ikianza kushuka kuja huku inazama nyuma ya mgongo wa dunia. Hapo kazi inafanywa kwa redio, rubani anasema nipo maili kadhaa, nipo kimo hiki, nategemea kufika dakika fulani, na mwongoza ndege anaziachanisha ndege kwa kimo na kwa muda mpaka aione kwa macho yake. Ni njia ya zamani na wala si ya kubahatisha, bahari kubwa zimevukwa ivo miaka na miaka.

Ila swali lako lina kitu kikubwa zaidi ndani yake, nacho ni nani anasema ndege ipo wapi. We si unamjua mwenyeji wako yupo kwenye basi toka Dar, ukimpigia anakwambia nipo Mnazi Mmoja ya huku Lindi nakaribia, kumbe ndo kwanza anakula chapati Nangurukuru, kule Kilwa? ADS-B iko ivo, unapokea maneno ya msafiri mwenyewe. GPS ikidanganywa na ndege inadanganya bila kujua, mwaka 2024 kule mashariki ya Mediterania kuna ndege zilikua zinajiona ziko uwanja wa ndege wa Beirut wakati zipo angani kwengine kabisa. Rada haimuamini msafiri kwa upande huo, inapima yenyewe umbali na uelekeo.

Kimo lakini, hapo sikiliza vizuri. Rada inayotumika sana inaiuliza ndege, na transponda, yani kifaa cha kujibu kilicho ndani ya ndege, inajibu namba yake na kimo chake, yani kimo unachokiona kwenye skrini ya rada kimetoka kwenye ndege ileile. Oktoba 2, 1996 Boeing 757 ya Aeroperú iliruka toka Lima usiku, walioisafisha walikua wameziba matundu ya kupimia hewa kwa utepe wa gundi wakasahau kuutoa. Vipimo vikachanganyikiwa, marubani wakamuomba mwongoza ndege awasomee kimo toka kwenye rada, nae akawasomea futi 9,700, wakaona sasa tumepata shahidi wa pili. Kumbe shahidi ni yuleyule! Ndege ikagonga Pasifiki, watu 70 wakafa wote. Mi kila nikiikumbuka hii nasisimka, mana yule wa chini alisoma sawasawa kabisa kilichoandikwa.

SWALI: Mjomba, na ile ndege ya Malaysia ilipoteaje rada zote zikiwepo? – Msomaji, Lindi mjini

JIBU: MH370, Machi 8, 2014, watu 239. Transponda ilinyamaza, kwa iyo rada za kiraia zinazosubiri jibu hazikua na cha kuonesha. Rada ya jeshi ambayo haiulizi kitu, inamulika tu na kupokea mwangwi, iliiona inageuka magharibi mpaka ikatoka kwenye uwezo wake. Baada ya hapo zikabaki ishara chache za setilaiti. Juni 2016 kipande cha bawa kikaokotwa Pemba, Pemba yetu hii ya Zanzibar sio ile ya Msumbiji, wachunguzi wa Australia wakathibitisha ni chake. Toka Novemba 2018 sheria ya kimataifa inazitaka ndege kubwa za abiria zikiwa juu ya bahari zijulikane zilipo angalau kila dakika 15.