Nyanya Alikuwepo

Mmeuliza wiki hii: mtoto aliyefiwa na wazazi alelewe makao ya watoto au kwa jamaa zake? Mimi nimeishi kote kuwili, basi nijibu kwa niliyoyaona.

Baba na mama walipofariki nilikuwa na miaka saba. Nyanya yangu kule Ahero alikuwa hai, mwenye boma na akili timamu. Alichokosa ni unga na karo. Akanileta makao hapa Kisumu, akaniachia sanduku la bati na leso yake iliyonuka omena alizokuwa akichuuza sokoni. Siku hiyohiyo leso ikafuliwa. Nililia sana, ile harufu ndiyo iliyokuwa nyumbani kwangu.

Sisemi makao yalikuwa mabaya. Nilishiba, nilisoma, na matroni mmoja alikesha nami nilipougua malaria. Lakini tulikuwa zaidi ya sitini kwa matroni wawili, na tukishamzoea mmoja, anaondoka. Desemba wageni walijaa, tukaimba, tukapigwa picha. Januari hakuna aliyebisha hodi. Nilipotoka na miaka 18 nilijua kusonga ugali wa watu sitini, ila sikujua gorogoro moja ya mahindi huwafikisha watu watatu wapi. Kidholuo changu kilikuwa cha kuokoteza. Binamu zangu sikuwajua hata kwa majina.

Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wa 2022 umeweka miaka 10 ya kuwarudisha watoto kwenye familia. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo serikali huwapa wanaolea yatima, tena kwa kaya nzima, hazimfikishi mbali nyanya mwenye wajukuu wanne, na mara nyingine huchelewa. Ewe mfadhili unayelipia kitanda makao, mlipie nyanya huyo karo!

Wapo watoto ambao jamaa ndio waliowanyang'anya shamba la marehemu. Hao wasirudishwe huko kwa nguvu. Watafutiwe familia nyingine ya kuwalea, na afisa wa watoto afike kuwaona, asiridhike na kupiga simu.

Nyanya aliishi miaka miwili tu baada ya mimi kurudi. Jioni, tukichambua omena, alinitajia ukoo mzima, mmoja mmoja. Ndipo nikajua jina langu ni la mama yake.

Msomaji, Kisumu