Asali iliyobaki kwenye vifuniko vya nta

Mkuu, umeuliza kama uyeyushe vifuniko vya nta ili upate asali iliyobaki ndani yake: usiyeyushe kwanza. Hivyo vifuniko ulivyokata kwenye masega kabla ya kukamua viweke kwenye chujio juu ya ndoo, vivunjevunje kwa mwiko, funika, acha siku moja au mbili. Kwa joto la Dar asali inashuka yenyewe, na ni asali safi kabisa, changanya na nyingine bila wasiwasi.

Kufunika si kwa ajili ya sisimizi tu. Asali inanyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ya pwani unaijua. Maji yakizidi asilimia 20 hivi inaanza kuchacha: utaona povu juu na mfuniko wa ndoo umevimba.

Sababu ya kutokimbilia jiko ni kwamba nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Asali ikifika hapo inakuwa nyeusi na harufu yake inapotea. Hiyo ni ya kupikia, usimuuzie mtu kama asali mbichi.

Asali iliyogandia kwenye nta mimi naiosha kwa maji ya uvuguvugu kidogo, yale maji matamu yanaenda kwenye wanzuki, ile pombe ya asali (kwa wanaokunywa), ndipo nta inayeyushwa. Kuwarudishia nyuki inawezekana pia, ila iwe asali ya mizinga yako mwenyewe na uwawekee ndani ya mzinga jioni. Ukiianika nje watavamiana mpaka wauane, na magonjwa yanasambaa hivyohivyo.