Jibu: Video ya kamera ya kifuani inatosha kumtia askari hatiani?

Mkuu, umeuliza kama kamera ya kifuani (ile wanayovaa polisi kazini) ikimwonyesha askari akimuumiza raia basi kesi imekwisha, maana kijiweni kwenu hapo Majengo mmebishana hadi kahawa ikapoa. Haijaisha.

Chukua kesi ya askari Derek Chauvin kule Minneapolis, Marekani. Kamera yake ilidondoka kwenye purukushani ikaishia chini ya gari la polisi. Zilizobeba kesi ni kamera za wenzake watatu na simu ya binti wa miaka 17 aliyekuwa anapita. Waendesha mashtaka wakahesabu dakika 9 na sekunde 29 akiwa amemkandamiza raia George Floyd, ambaye alifariki. Na bado waliitwa madaktari waeleze kilichomuua, kwa sababu utetezi ulisingizia moyo na dawa za kulevya. Akapigwa miaka 22 na nusu.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaruhusu ushahidi wa aina hii, ila uzito wake unapimwa kwa namna ulivyorekodiwa, ulivyotunzwa na nani aliurekodi. Kwa hiyo mwenye video asiikate wala kuipachika muziki (watu wa TikTok mnisikie). Asiitume WhatsApp kisha akafuta ile ya awali. Ikipita huko inabanwa, ubora unashuka. Atunze simu yenyewe, na awe tayari kupanda kizimbani kama shahidi, maana swali la kwanza la wakili wa utetezi litakuwa: simu hii ilikaa kwa nani muda wote huo?