Ukipewa kisiwa cha Aktiki, anza na barafu

Wewe unayeanza jiografia na umepewa kuandika juu ya kisiwa kisicho na watu huko Aktiki, eneo la baridi kali kuzunguka ncha ya kaskazini, weka kando kwanza orodha ya wapelelezi. Najua inavutia, mathalani kwa kisiwa cha Devon: baharia Mwingereza Baffin alikiona mwaka 1616, mwenzake Parry akakipa jina alipopita mwaka 1819, kisha manowari, kisha majina mengine. Kurasa mbili zimejaa na msomaji bado hajui kwa nini hakuna anayeishi huko. Kazi nyingi ninazosahihisha hukwama hapohapo.

Wanafunzi wangu wa mwanzo huwa nawapa Devon, kaskazini mwa Kanada. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani kisicho na wakazi: kilomita za mraba zipatazo 55,000, zaidi ya mara 30 ya Unguja. Chukua ramani uweke alama kwenye barafu ya nchi kavu na barafu ya baharini, kila moja kwa rangi yake. Mashariki, barafu imefunika milima hadi mita kama 1,900. Magharibi ni uwanda wa mawe matupu, jangwa la baridi lisilopata mvua wala theluji ya maana. Pwani ya kaskazini kuna bonde dogo la Truelove lenye majani na unyevu, na si ajabu kwamba watafiti walijenga kituo chao huko mwaka 1960.

Sasa geukia bahari, maana kisa chenyewe kiko huko. Kusini mwa Devon unapita mlango wa bahari wa Lancaster, njia ya meli zinazoingia Aktiki kutoka mashariki. Kanada iliweka kituo cha polisi Dundas Harbour, bandari ya pwani hiyo ya kusini, mwaka 1924. Hawakwenda kukamata wezi (nani angeiba nini?) bali kuonyesha mataifa mengine kwamba nchi ile ina mwenyewe. Kituo kilifungwa 1933. Mwaka uliofuata Kampuni ya Hudson's Bay ikaleta Wainuiti, wenyeji wa Aktiki, wapatao 50 kutoka Kisiwa cha Baffin, wawinde na kutega mbweha kwa ajili ya biashara ya ngozi. Bandari ilifaa meli, lakini barafu ya bahari pale ilikuwa na mabonge na migongo, sleji, magari yasiyo na magurudumu yanayovutwa na mbwa juu ya barafu, hazikuweza kwenda mbali, na mwindaji asiyesafiri hapati chakula. Mwaka 1936 wakaondolewa. Waliotoka Pangnirtung, huko Baffin, walirudishwa kwao. Waliotoka Cape Dorset, pia huko Baffin, wakapelekwa kwingine, na kwingine tena. Sehemu hii ipe nafasi kubwa kuliko zote kwenye kazi yako.

Wala usiandike kwamba hapajawahi kukaa mtu. Karibu na bandari hiyohiyo kuna magofu ya nyumba za Wathule, mababu wa Wainuiti, na wawindaji wa kijiji cha Grise Fiord ng'ambo ya maji bado hufika pwani ya kaskazini. Unapotafuta habari, tumia pia jina la Kiinuiti, Tallurutit. Utapata mambo ambayo jina la Kiingereza halikuletei.

Makaburi matatu ya mabaharia wa Franklin, mpelelezi Mwingereza aliyepotea Aktiki na meli zake, ya mwaka 1846, yataje kwa sentensi moja. Yako Beechey, kisiwa kidogo cha pembeni, na wanaoyahamishia Devon ni wengi.

Halafu, kwenye Devon yenyewe, kuna kasoko ya Haughton, shimo kubwa lililochimbwa na kimondo, lenye upana wa zaidi ya kilomita 20. Baridi na ukavu vimeihifadhi vizuri, ndiyo maana tangu 1997 wanasayansi wanaoshirikiana na NASA, shirika la anga la Marekani, huitumia kujifunza mambo ya sayari ya Mirihi. Kuwa mwangalifu na umri wake. Maandishi ya zamani yanasema miaka milioni 23, vipimo vya baadaye vikatoa 39, vya karibuni zaidi 31. Ukinakili namba yoyote kati ya hizo, andika pembeni kipimo kilifanywa mwaka gani, la sivyo nitakurudishia karatasi.